Ganda la Mkate: Salamu Ambazo Stanley Hakuzituma

Sehemu ya Tisa

"Fébronie, uko karibu na Mama Doris?" iliuliza ile sauti kwenye simu.

Hapo ndipo nilipowakatia utamu wiki iliyopita, na najua mlinisema vibaya. Msomaji mmoja wa Penrith ameniandikia kwamba nikimgusa mzee Stanley hatasoma tena hadithi zangu. Ndugu yangu, pole sana, na tafadhali uketi kwanza.

"Niko naye hapa hapa," Fébronie alijibu. "Amejipamba. Tunangoja simu yenu ya saa tisa. Mbona unapiga mapema?"

"Toka kwanza. Enda pa kando."

Aliyepiga alikuwa Dieudonné, Mkongomani mwenzake, mhudumu katika nyumba ya wazee kule Penrith, pembeni mwa Sydney. Fébronie, mhudumu wa nyumba ya Lidcombe, aligeuka kumtazama bibi anayemtunza. Bibi Doris alikuwa ameketi dirishani na sweta lake la bluu, midomo ameipaka rangi kidogo, na mapajani ameshika karatasi laini iliyofunga kipande cha mkate. Bibi wa miaka tisini, anatabasamu peke yake akitazama treni za Lidcombe zikipita tupu.

Fébronie alitoka koridoni akavuta mlango nyuma yake.

"Sema."

"Muzee ametuacha, ma sœur, dada yangu. Homa ilimushika jana, asubuhi hii pumzi ikakatika."

Fébronie alishika ukuta kwa mkono wenye glavu, akabaki anatazama tangazo la kunawa mikono.

Wewe uliyeanza kusoma leo usipate taabu, nitakueleza upesi. Doris na mdogo wake Stanley walizaliwa London, kwa mama mjane aliyeshindwa kuwalisha. Mama aliwapeleka kwenye nyumba ya watoto wakae kidogo tu, mpaka apate kazi. Wenye nyumba ile hawakumngoja. Walimpakia Doris melini kwenda Kanada, kwa watu asiowajua, wakaita jambo hilo maisha mapya.

Maisha mapya yenyewe yalikuwa kulisha nguruwe kabla ya jua, kula amesimama kando ya jiko wakati wenye shamba wameshashiba, na kulala kwenye chumba cha magunia ya viazi. Hata jina lake hawakulitaka. Walimwita Mary kwa sababu msichana aliyetangulia aliitwa Mary na walikuwa wamezoea.

Stanley alikuwa mdogo mno, akaachwa. Alipokua kidogo naye akapakiwa meli, ya kwake ikaja huku Australia, na huku akabandikwa jina la ukoo la watu wengine. Ndiyo sababu Doris, alipokuwa mtu mzima na kumfuata mpaka Sydney, alimtafuta hadi miguu ikamwisha nguvu asimpate.

Aliyempata ni Fébronie, na hakuwa hata anamtafuta. Kabla ya korona alikuwa akifanya kazi nyumba mbili, Lidcombe na Penrith. Huku Lidcombe alikuwa na bibi ambaye kila mlo huweka kando ganda la mkate, kile kipande cha mwisho kigumu, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Kule Penrith alikuwa na mzee ambaye hashiki kijiko mpaka mtu agonge meza mara mbili. Wahudumu walikuwa wakimgongea wakicheka, wakidhani ni uzee.

Kisha ikaja amri kwamba mhudumu achague nyumba moja tu, asibebe ugonjwa kutoka hapa kwenda pale. Fébronie akachagua Lidcombe. Siku moja Bibi Doris akamsimulia meza ya mama yao: ganda lilikuwa la Stanley, na yeye Doris ndiye aliyekuwa akimwita kwa kugonga meza mara mbili. Fébronie akaangusha sinia la chai.

Simu ya leo ingekuwa ya kwanza ndugu wale kuonana uso kwa uso tangu utotoni. Sasa mnaelewa kwa nini nimewaambia mketi.

"Usimwambie," Dieudonné alisema kwenye simu. "Sema iko mugonjwa kidogo. Mutu haambiwi peke yake, unajua."

"Minajua," alisema Fébronie.

Na kweli alijua, na ninyi mnajua. Kwetu habari ya kifo haipewi mtu aliye peke yake. Utaambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo, uje tu nyumbani. Ukifika unakuta viti vimetolewa nje, na shangazi ambaye hamjaonana siku nyingi anakushika kiuno kabla hujauliza kitu.

Mama yake Fébronie alipokufa Bukavu, akina mama wa kanisa walimjia kwake Liverpool, hii ya hapa Sydney, wakiwa na sufuria za chakula. Wakamkalisha katikati yao. Mmoja wao, Mama Cécile, akamkumbatia kwa nyuma, ndipo pasta akasema. Alianguka, lakini aliangukia mikononi mwa watu. Mpaka leo anasema bila mikono ile asingeamka.

Sasa Bibi Doris ataangukia mikononi mwa nani? Sydney nzima imefungiwa ndani, wageni wamekatazwa kuingia nyumba za wazee, na yeye mwenyewe amevaa barakoa, na ngao ya plastiki juu yake. Akajiambia: nitamficha mpaka nipate watu. Akafungua mlango.

"Ni yeye?" Bibi Doris aliuliza, na mkono tayari unatengeneza nywele. Alikuwa akisema Kiingereza, bila shaka, lakini mimi nawaandikia ninyi.

"Ni mtandao, Mama. Mtandao wa Penrith umeharibika. Halafu Stanley ana homa kidogo."

"Homa?"

"Kidogo tu. Wamesema apumzike."

Bibi alimtazama machoni, mahali pekee palipokuwa wazi.

"Fébronie, wewe huwezi kunidanganya, sivyo?"

"Siwezi, Mama."

Ule ulikuwa uongo wa pili, na haukuchukua hata dakika kuufuata wa kwanza.

Bibi alilegeza mabega. Alifungua ile karatasi, akatazama kipande chake cha mkate, akakifunga tena vizuri na kukitia kwenye droo.

"Basi mpelekee salamu," alisema. "Mwambie Dot, alivyokuwa akiniita utotoni, yupo. Mwambie ganda lake lipo."

Fébronie aliitikia, akaenda chooni, akafungua maji ya bomba yaende kwa nguvu ili asisikike.

Kesho yake, Jumanne, aliingia na chai akiwa ameazimia kunyamaza. Angesema hali ni ile ile, basi. Lakini Bibi Doris alikuwa ameamka mapema na alikuwa akimngoja.

"Amesemaje?"

"Nani, Mama?"

"Stanley! Ulimpa salamu zangu?"

Uso ule ulikuwa umeinuka kwake wote, na Fébronie, mwanamke asiyeogopa hata mkaguzi wa kazi, akashindwa.

"Nilimpa."

"Akasemaje?"

"Akasema... akasema umtunzie."

Laiti asingesema! Bibi Doris alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikula uji wote, akaomba na yai. Alisukuma kigari chake cha kutembelea akaenda mlango hadi mlango, akisimama koridoni kila mahali, kuwaambia wenzake waliofungiwa kama yeye: "Mdogo wangu anasema nimtunzie ganda lake." Hata mzee wa chumba cha mwisho, ambaye hamsalimu mtu, alimpigia makofi.

Mchana bibi alianza kuimba. Na kuimba kule ndiko kulikomharibia Fébronie.

"Fébronie, kuja hapa."

Aliyeita ni Waceke, muuguzi msimamizi wa zamu, Mkenya wa Nyeri ambaye hapandishi sauti lakini ukiitwa naye unakwenda. Alimwingiza chumba cha dawa akafunga mlango.

"Nimepigia Penrith tupange video call ingine," alisema. "Wameniambia huyo mzee alikufa jana asubuhi. Sasa niambie, shosh, huyo bibi yetu, anaimba nini huko ndani?"

Fébronie aligeukia rafu za dawa.

"Umemwambia nini?"

"Iko mugonjwa. Nilisema iko mugonjwa."

"Na hiyo story ya kutunziwa mkate?"

Fébronie aliinamisha kichwa. Waceke alivuta pumzi ndefu.

"Woi, Fébronie."

"Nimwambie na nani, Waceke? Banamama ba kanisa wako lockdown kule Liverpool. Nimwambie peke yangu, na hii plastiki kwa uso? Akianguka nitamushika na nini? Kwetu haiko hivyo."

"Hata kwetu si hivyo!" Waceke alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ikamponyoka. "Babangu alipokufa mwaka jana, walinificha. 'Ako mgonjwa kidogo, Waceke, omba tu.' Border imefungwa, siendi popote, siwezi kukalishwa na mtu. Nikafunga. Nikaomba Mungu amponye. Fébronie, nilikuwa naombea uponyaji mtu ako chini ya mchanga. Kila mtu kwa simu anasema amen na anajua."

Wanawake hawa wawili walitazamana juu ya barakoa zao. Kisha Waceke akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akarudi kuwa msimamizi.

"Sikia. Wanamzika kesho. Kwa record yao hana family. Atashuka kaburini kama mtu hana mtu, na dadake ako hapa anaimba. Mwambie leo. Kama hutamwambia, nikimaliza round ya dawa nitamwambia mimi."

Kesho! Dieudonné hakuwa amesema lolote kuhusu kesho.

Fébronie alitoka nje, akasimama kando ya mapipa ya taka, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya paa za Auburn kutafuta wanaotembea bila ruhusa. Akampigia Pasta Balthazar. Alimweleza kila kitu, hata zile salamu.

"Ma sœur, watu wapo," pasta alisema. "Hatuwezi kuja na miguu, tutakuja na simu. Tutakaa naye."

Kabla ya saa ya chai walikuwa tayari. Fébronie aliisimamisha tableti ya nyumba ile mezani kwa Bibi Doris, akaiegemeza kwenye jagi la maji. Nyuso zikaanza kujitokeza moja moja. Mama Cécile jikoni kwake, kilemba kichwani. Pasta Balthazar na tai, ameketi kitandani kwa sababu sebuleni kuna watoto wanaosoma. Akina mama wengine wa kanisa, kila mmoja katika nyumba yake, wamevaa vitenge vya msiba na kukaa kimya. Dieudonné naye alikuwapo, ndani ya gari nje ya kazi yake, Penrith.

Huo ndio mkeka wa msiba waliopata. Msiwacheke.

Bibi Doris alivaa miwani. Alitazama uso mmoja, akatazama mwingine.

"Ni nani hawa?"

"Ni watu wangu, Mama. Wamekuja kukaa na wewe."

"Kwa nini hawasemi?"

Fébronie alizunguka nyuma ya kiti, akampitishia mikono kiunoni jinsi Mama Cécile alivyomfanyia yeye. Alihisi mifupa ya bibi chini ya sweta. Pasta alikohoa, akafungua kinywa.

"Stanley amekufa," alisema Bibi Doris.

Hakuwa anauliza. Pasta akafunga kinywa.

"Ndiyo, Mama," Fébronie alinong'ona.

"Lini?"

"Jumatatu. Asubuhi."

Treni ilipita chini, madirisha yakatetemeka. Bibi alikuwa akihesabu siku, na Fébronie alijua anahesabu nini, na hapakuwa na pa kukimbilia.

"Leo asubuhi umeniambia amesema nimtunzie."

"Mama..."

"Alisema, au hakusema?"

"Hakusema. Ni mimi niliyesema."

Bibi Doris aliishika ile mikono iliyomkumbatia, akaitoa kiunoni mwake, mmoja kisha mwingine, polepole, kama unavyotoa shuka la mtu mwingine kitandani mwako.

"Njoo mbele nikuone," alisema.

Fébronie akaja mbele. Akapiga magoti.

"Yule mwanamke wa kule Kanada alikuwa mkali," Bibi Doris alianza. "Kila siku mkali. Siku moja akawa mpole. Akanikalisha mezani, mimi, mezani, kwa mara ya kwanza. Akanikatia keki. Kisha akaniambia mama yangu amekufa."

Alipangusa miwani kwa upindo wa sweta.

"Niliila ile keki, Fébronie. Nililia na nikaila yote, kwa sababu nilikuwa na njaa. Na mama yangu alikuwa hai. Alikuwa hai London anatuulizia, nao wakamwambia tumechukuliwa na familia nzuri ya hapo hapo Uingereza, asitusumbue. Nilipokuwa mkubwa nikaweza kurudi, jirani alinipeleka makaburini. Mama alikuwa amekufa karibuni tu. Miaka yote ile niliyomlilia, alikuwa anapika chai yake."

"Nisamehe, Mama."

"Wote walionidanganya walinipa kitu kitamu. Yule alinipa keki. Wewe umenipa salamu. Nilikuomba nini mimi, siku ya kwanza uliponiogesha hapa?"

Fébronie alikuwa akilia hadi barakoa imelowa na kumnata mdomoni.

"Ulisema nikuambie kila kitu hata kama ni kibaya."

"Nilikuwa naimba," alisema Bibi Doris. "Mdogo wangu amelala kwenye jokofu, na mimi natembea koridoni naimba."

Ndugu wasomaji, nimeandika hadithi nyingi humu, za wizi, za mapenzi, hata ya mtu aliyefufuka Mbeya. Sijapata kuandika sentensi iliyoniuma kama hiyo ya bibi huyu. Mtu aliyempenda kuliko wote katika nyumba ile ndiye aliyemrudisha kwenye ile meza ya keki, na alifanya hivyo kwa moyo safi kabisa.

Kwenye tableti akina mama walikuwa wakilia. Mama Cécile alianza kuimba pambio kwa sauti ya chini, wengine wakaitikia, sauti zikipishana kwa sababu ya mtandao. Bibi Doris aliinua mkono. Wakanyamaza.

"Kuna mtu hapo alikuwa na Stanley?"

Dieudonné alisogea karibu na simu yake.

"Ni mimi, Madame. Nilimlisha. Nilikuwa naye mpaka mwisho."

"Aliumia?"

"Kidogo. Si muda mrefu. Nilimshika mkono."

"Asante," alisema Bibi Doris. Aliinamia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. "Nina swali moja tu. Sitauliza lingine. Alijua? Alijua kwamba Dot yupo hai, na kwamba nimempata?"

Dieudonné alijifuta jasho, na ni Agosti, baridi inauma. Kisha akaacha Kiingereza, akageukia Kiswahili.

"Fébronie. Sikumwambia."

"Unasema nini?" Fébronie aliinuka.

"Daktari alisema moyo yake iko faible, haina nguvu. Niliogopa furaha itamuua. Nikasema nitamwambia ile Jumatatu, dakika ya mwisho, nikiwa nimekaa karibu yake."

"Uliniambia alifurahi! Uliniambia alilia!"

"Nilikudanganya na wewe, ma sœur. Nilisema nitatengeneza. Nilisema siku ziko." Alipiga usukani kwa kiganja. "Jumapili aliniuliza, 'Unadhani dada yangu alikufa huko Kanada?' Nikamwambia, kula kwanza, muzee. Nikamugongea meza akakula."

Kila mtu kwenye kioo alisikia. Na kila mtu alielewa isipokuwa mwenye msiba.

"Mwambie alijua," alisema Mama Cécile, machozi yakimtiririka. "Fébronie, mwanangu, mwambie alijua. Ana miaka tisini. Unamwacha na nini?"

"Sema alijua," Dieudonné aliomba. "Sema alifurahi. Mimi nitabeba hiyo zambi."

Hata pasta. Ndiyo, hata pasta! Alivua miwani, akabana macho, akasema, "Ma sœur, Mungu ataelewa."

Bibi Doris alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Hajui neno la Kiswahili zaidi ya asante. Lakini tangu utotoni watu wazima wamekuwa wakizungumza juu ya kichwa chake na kuamua aambiwe nini, na nyuso za namna ile anazifahamu hata gizani.

"Wanasemaje, Fébronie?"

Kazi ilikuwa rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na kanisa zima lingeitikia. Bibi angelala na neno hilo na labda angekufa nalo. Nani angekuja kumsuta? Mimi mwenyewe, nikiwa mkweli kwenu, ningelisema. Nani kati yenu asingelisema?

Fébronie alivua ile ngao ya plastiki. Kisha akavua na barakoa, jambo ambalo lingemfukuzisha kazi, akarudi nyuma hatua ili asimpumulie, ili bibi amwone uso wote mara hii moja.

"Hakujua, Mama," alisema. "Hakuna aliyemwambia. Aliuliza habari zako Jumapili, na hakuambiwa. Amekufa hajui."

Mama Cécile alipiga kelele huko Liverpool. Dieudonné akafunika uso.

Bibi Doris hakulia. Alitoa sauti ndogo tu, ya mtu aliyebebeshwa mzigo ghafla. Akavuta droo. Mlikuwa na maganda yote aliyotunza tangu alipoambiwa mdogo wake amepatikana, kila moja na karatasi yake. Alitoa kile kipande cha Jumatatu, akakifungua na kukiweka mezani mbele ya kiti kitupu.

Akagonga meza mara mbili.

Akangoja. Alingoja kweli, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza nyayo za mtoto zikishuka ngazi. Fébronie alitaka kumkumbatia na hakuthubutu. Mikono ile ilikuwa imeshatolewa kiunoni.

"Wanamzika lini?" Bibi aliuliza bila kugeuka.

"Sijakwambia hilo, Mama."

"Ndiyo maana nauliza."

"Kesho. Penrith."

"Basi inabidi nikamwambie mwenyewe." Alikifunga kile kipande cha mkate, akakitia mfuko wa sweta. "Nipe viatu vyangu."

"Mama, hakuna anayeruhusiwa kutoka. Wala kurudi ukitoka. Na ugonjwa uko kila mahali, kifua chako..."

"Walinitoa kwa mama yangu hawakuniuliza. Wakaniweka kwa watu wa nguruwe hawakuniuliza. Safari hii siulizi mtu." Alishika mkono wa kiti akajisogeza ukingoni. "Hatashuka chini akidhani nilimsahau. Nipe viatu, Fébronie. Au niende na soksi."

Fébronie alitazama mlango. Aliwaza kazi yake, na watu wote wanaokula kwa kazi ile. Kisha akapiga magoti mara ya pili siku hiyo, akavuta viatu vyeusi vya bibi kutoka chini ya kitanda, akaanza na mguu wa kushoto.

Alikuwa akifunga kamba alipoona kivuli sakafuni.

Waceke alikuwa amesimama mlangoni na kigari cha dawa. Mkenya yule anaelewa Kiswahili chote, cha Bukavu na cha kwao, na hakuwa amefika sasa hivi. Alikuwa nje koridoni akisikiliza tangu bibi alipouliza kama Stanley alijua.

Aliingia, akafunga mlango kwa ndani kwa ufunguo, akaelekeza kidole kwenye tableti.

"Zima hiyo kitu," alisema. "Nitakachosema sitaki pasta asikie."

Bibi Doris hakugeuka hata kumtazama. Alinyoosha mguu wa pili, akangoja kiatu.